Lishe ya Ndama na Lugha ya Gunia

Kati ya Desemba na Machi, nyasi za Uasin Gishu hukauka na kupungukiwa na protini. Ndama wa nyama aliyenawiri wakati wa mvua hukonda, na jasho la mfugaji likapotea bure. Tiba yajulikana: mashudu ya alizeti na chumvi ya madini, kwa kipimo. Urea nayo huongeza protini, lakini yaweza kumuua ndama ambaye tumbo lake halijakomaa.

Je, onyo kama hilo lafaa kuandikwa guniani kwa Kiingereza pekee? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Watengenezaji na waitumie basi! Maarifa yasiyomfikia mfugaji hayamnenepeshi ndama.