Wakili Akisahau, Haki Huenda Wapi?



Wiki hii tumepokea barua ya kijana wetu mwenye karakana huko Muthara, Meru. Ameunda mashine ya kupura maharagwe isiyovunja punje. Aliomba hataza katika Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya, kisha akapeleka ombi la kimataifa chini ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao Kenya ni mwanachama wake tangu 1994. Kabla ya kutimia miezi 30 tangu ombi la kwanza, ilimpasa wakili wake kuliingiza ombi hilo katika nchi jirani aliyoikusudia. Wakili akasahau. Kijana anatuuliza: je, jasho lake limepotea?

Huenda halijapotea, lakini asikawie. Kanuni za mkataba huo zina mlango wa kurejeshewa haki. Ombi hupelekwa kwa afisi ya hataza ya nchi ile, ndani ya miezi 2 tangu kuondoka sababu ya kuchelewa, au miezi 12 tangu muda kupita, utakaotangulia kwisha. Ndani ya muda huo huo, hatua iliyoachwa nayo itimizwe. Si kila nchi imeufungua mlango huu. Basi la kwanza ni kuuliza.

Afisi hupima moja ya mambo mawili: ama kuchelewa hakukukusudiwa, ama kulitokea ijapokuwa uangalifu ulitumika. Kipimo cha pili ni kizito, kwani hutazamwa pia wakili alizitunza vipi tarehe: ana daftari? Ana msaidizi mjuzi? Yuko wa kuhakiki? Kuteleza mara moja ndani ya utaratibu mwema huweza kusameheka. Kukosa utaratibu ni vigumu kusameheka.

Waliosoma fiqhi hawatastaajabu. Katika mlango wa wakala, wakili ni mwaminiwa: halipi kilichoharibika mkononi mwake, ila akizembea au akivuka mpaka aliowekewa. Ila tusichanganye mambo. Kumdai wakili ni kesi moja, na kurejeshewa haki ni nyengine. Na hii ya pili ndiyo isiyongoja.

Kwa hivyo kijana wetu asianze kwa ugomvi. Aandike siku aliyopata habari, akusanye barua na risiti, na amuombe wakili aeleze kwa maandishi yaliyotokea, hata yakimfedhehesha. Hapa ndipo penye mtihani, kwani ni rahisi kutunga ugonjwa au safari isiyokuwako. Haki iliyorejeshwa kwa ushahidi wa uongo haina baraka.

Nasi wengine tuzingatie: kumwakilisha mtu si kujivua jambo. Hata hataza iliyokwisha kutolewa hapa Kenya ina ada ya kila mwaka, na anayechelewa hupewa miezi 6 tu ya kulipa pamoja na nyongeza. Tarehe iliyo afisini kwa wakili, na iandikwe nyumbani pia.

Wabillahi tawfiq.