Upele wa watoto wa mbwa: tupime kilo kwanza



Kila mara tunapopita kutibu mbuzi pamoja na veterineri katika vijiji vya kando ya Bunia, kuna mtu anatuletea mtoto wa mbwa mwenye upele na kusema: «Dawa imebaki kidogo, mumupige na huyu.» Maoni yetu ni haya: atibiwe, ndiyo, lakini asipigwe dawa ya mbuzi kwa kupima kwa macho.

Tuangalie hesabu. Ivermektine ya mifugo inayouzwa mara nyingi ni ya asilimia 1. Mililita 1 inatosha nyama wa kilo 50. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 hahitaji hata sehemu moja ya kumi ya hiyo mililita. Ukimupiga mililita nzima, umemupa zaidi ya mara kumi ya kipimo chake. Ataanza kutoa mate, kuyumba sawa mlevi, kutetemeka, halafu analala bila kuamka. Kesho yake watu watasema upele umemuua. Hapana, ni sindano. Na yule ambaye hajatimiza wiki 6, ile dawa haimufai kabisa.

Kabla ya dawa, tujue ni upele gani. Ziko aina mbili. Ya kwanza inaletwa na kadudu kadogo sana kanachochimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mbwa anajikuna mchana na usiku. Manyoya yanatoka kwenye ncha za masikio, viwiko na tumbo, na ngozi inafanya magamba. Jaribu hivi: sugua ukingo wa sikio lake kwa vidole, mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, fikiri upele huu. Unaambukiza mbwa wengine haraka, na watu pia: watoto wanaobeba mbwa wanapata vipele vya kuwasha mikononi na tumboni. Kwa kawaida vinaisha mbwa akipona. Visipoisha, muende kituo cha afya.

Aina ya pili inatoka kwa mama, siku za kwanza za kunyonya. Manyoya yanatoka kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, lakini mtoto hajikuni sana. Hii haiambukizi watu. Mabaka yakiwa machache, mara nyingi yanaisha yenyewe akikula vizuri na kupewa dawa ya minyoo. Yakienea ama kutoa usaha, muite veterineri.

Kwa aina zote mbili, muache kupaka mafuta ya vidanje, na muache dawa ya kunyunyizia nyanya. Mbwa anajilamba, sumu inaingia tumboni. Nyingine inapita kwenye ngozi iliyochubuka. Mtoto mdogo hawezi kuvumilia.

Wengine watasema: pesa ya koperative ni ya mbuzi, si ya mbwa. Lakini nani anabweka usiku mwizi akikaribia zizi? Nani anafukuza nyani kwenye mahindi? Tena mbwa anayefukuzwa nyumbani juu ya upele haendi mbali. Anazunguka sokoni, hakuna anayemupeleka kuchanjwa kichaa, na siku moja anakutana na watoto wetu. Dawa yake ni matone tu. Kumuacha ndiko kunakula pesa.

Kwa hiyo tunaomba kila koperative ifanye mambo manne siku ya kutibu mbuzi. Kwanza, mtoto wa mbwa awekwe ndani ya ndoo na kupimwa kilo, hata kwa kilo ya sokoni. Uzito wa ndoo utolewe. Pili, kuwe na sirenge ndogo ya mililita 1, na veterineri ndiye apige. Tatu, upele wa kuambukiza ukionekana, mbwa wote wa ile nyumba watibiwe siku moja, mama pamoja na watoto, kisha warudie kisha wiki 2, sababu mayai hayafi na dawa ya kwanza. Ine, majani waliyolalia yachomwe, na magunia yafuliwe na kuanikwa juani.

Katibu aandike yote kwenye daftari: mwenye mbwa, kilo, kipimo, tarehe ya kurudia. Asiyepimwa kilo, asipigwe sindano.