Hesabu ya Watu Ianze na Mtoto Mchanga

Tarehe 23 Agosti, 2022, Tanzania ilianza kuhesabu watu wake, ikapata watu 61,741,120. Zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa watoto wasiotimiza miaka 15. Kazi ilikuwa kubwa, na makarani wastahili shukrani. Lakini katika hesabu yoyote, mtu aliye mwepesi kurukwa ni mtoto mdogo. Hata Marekani, pamoja na utajiri wake wote, iliwakosa watoto wa chini ya miaka mitano wapatao 5 katika kila 100 katika hesabu yake ya mwaka 2020.

Karani akibisha hodi na kuuliza, "Mko wangapi humu?" mwenye nyumba hutaja watu wazima, pengine na waendao shule. Mtoto wa wiki mbili hatajwi, maana wengi humwona yeye na mama yake kuwa mtu mmoja. Mjukuu aliyeletwa kwa bibi baada ya msiba hupotea vivyo hivyo: bibi adhani ameandikwa mjini kwa baba yake, na baba adhani ameandikwa kwa bibi. Na yule binti wa miaka 13 apikaye na kufua katika nyumba ya mtu mwenye elimu yake? Bwana huyo hamtaji, kwa kuwa ajua vema kwamba sheria yakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 14. Wako pia wenye ulemavu wafichwao kwa aibu, na wenye ualbino wafichwao kwa hofu ya wauaji.

Kwa hiyo twasema karani asiulize idadi. Aulize majina, na aanze na mdogo kuliko wote: ni nani aliyelala hapa usiku ule ambaye bado hajaanza kutembea? Balozi wa nyumba kumi amwonyeshe milango yote, ya uani pia, kisha akae kando, maana majibu ni siri kwa sheria. Watoto walalao stendi na sokoni waendewe na watu wawajuao; wakiona askari mwenye rungu watatawanyika.

Chanjo, madawati na walimu hupangwa kwa tarakimu hizi, na hesabu hufanywa mara moja tu katika miaka kumi. Mtoto mchanga aliyerukwa mwaka 2022 atatimiza umri wa darasa la kwanza mwaka 2028, hesabu nyingine ikiwa bado haijafika.