Nyota Ikifunikwa, Tusemeje?

Mnamo Agosti 2018, wanaastronomia wa Marekani na wenzao wa Senegal walitawanya darubini nchini Senegal, wakisubiri gimba dogo lililo mbali kuliko Pluto lipite mbele ya nyota. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Patagonia, Argentina, darubini tano zilikuwa zimeona nyota nyingine ikizimwa na gimba lilo hilo. Giza lilidumu kitambo kifupi mno, lakini kila darubini ilipima muda wake. Na kwa kuwa kasi ya kivuli ilijulikana, kila muda ukageuzwa kuwa urefu. Mistari hiyo ilipopangwa pamoja, ilidokeza umbo la vipande viwili. Chombo cha New Horizons kilipopita hapo tarehe 1 Januari 2019, kilithibitisha hayo.

Tukio hili tuliiteje? Wapo watakaosema "kupatwa kwa nyota". Sikubaliani nao. Mwezi hupatwa kwa kuingia kivulini, si kwa kufunikwa. Hapa kuna kinachofunika na kinachofunikwa, na kitenzi tunacho tangu zamani: kusitiri. Gimba husitiri nyota, nyota husitiriwa, na tukio lenyewe ni usitiri.

Novemba 2019 gimba hilo lilipewa jina Arrokoth, yaani "anga" katika lugha ya Wapowhatan wa Marekani, iliyokoma kusemwa zamani. Lugha iliyokufa imetoa jina. Yetu iliyo hai bado yaogopa kutoa istilahi. Watunga kamusi wetu na waanze na hiyo moja.