115 Ni Mradi, Tunataka Iwe Haki

Makamanda, leo naanza kwa kusifia. Najua kuna watakaonuna, ila ukweli hauna chama.

Mjamzito wa kijijini Sengerema akipata shida saa nane usiku, mtu anapiga 115 bure. Mhudumu wa kituo cha uratibu anauliza hali yake na kupanga apelekwe wapi. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, anapigiwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, mwenye gari lake hapo hapo kijijini. Akishamfikisha mama hospitali na safari ikathibitishwa, hela yake inaingia kwenye simu kwa M-Pesa. Familia haimlipi dereva hata mia.

Huo ndio mfumo wa m-mama. Ulianzia kwetu Kanda ya Ziwa kwa fedha za wafadhili, Vodafone Foundation wakiwemo, na mwaka 2022 Rais Samia akauzindua kwa nchi nzima. Hakuna maajabu pale: simu ya kitochi, dereva wa mtaani na mtu wa kupanga. Kwa hiyo asitokee tena mtu kutuambia haiwezekani.

Sasa mimi nasoma sheria, na swali langu ni hili: siku gari lisipokuja, mama akafa, ndugu wanamdai nani?

Fungua Katiba ya 1977. Ibara ya 11 inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wakati wa maradhi. Tamu, eh? Rudi nyuma ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Yaani umeahidiwa, ila usidai.

Kitu usichoweza kukidai ni hisani, na hisani ina mwenyewe. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi uamuzi wa Washington unavyoweza kuwanyima usingizi wagonjwa wa huku.

Halafu m-mama ni ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka mitano mwenye malaria kali kisiwani Kome, au mvuvi aliyeumia ziwani Ukerewe, je? Familia itakodi boti, na bei anapanga mwenye boti.

Tudai mambo matatu. Kwanza, sheria ya Bunge iseme usafiri wa dharura ni haki ya kila mgonjwa. Pili, uwe na fungu lake kwenye bajeti, wafadhili wawepo wasiwepo. Tatu, kila halmashauri ibandike ubaoni kila robo mwaka: simu ngapi zilipigwa, wangapi walifikishwa, madereva wangapi bado wanadai.

Na tunaposema Katiba Mpya, wanatuambia wananchi hawali katiba. Sawa, hailiwi. Ila yule mama wa saa nane usiku anaihitaji kuliko mbunge yeyote.