Mzigo wa Kigoma ni Wetu Pia

Mwezi Juni 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza posho ya wakimbizi katika kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, hadi nusu ya mahitaji ya mtu. Miezi mitatu kabla ilikuwa imekwisha kushushwa kutoka asilimia 80 hadi 65. Fedha za wafadhili hazikutosha.

Nusu ya posho maana yake mama aliyekuwa akisonga ugali mara mbili kwa siku husonga mara moja. Hata hayo maharage machache huuzwa ili ipatikane sabuni, na kuni hufuatwa mbali porini, ambako wanawake na wasichana wamekuwa wakishambuliwa. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vya Kivu ya Kusini. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka huo sasa ni mtu mzima, na vita vilivyowafukuza wazazi wake havikukoma: mwanzoni mwa mwaka 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, kisha Bukavu.

Wapo watakaouliza Tukuyu inahusika nini na Kasulu. Mwezi Mei 1916 mji huu, ukiitwa Neu Langenburg, ulitekwa na majeshi ya Jenerali Northey, na vita ile iliwageuza wanaume wa nchi hii kuwa wapagazi na kuvimaliza vyakula vya vijiji. Na katika Vita Kuu ya Pili, Wapolandi waliofukuzwa kwao walihifadhiwa Kidugala na Ifunda, humu humu katika Nyanda za Juu Kusini. Wageni wa vita si habari ngeni kwetu.

Tunasema wazi kwamba msaada peke yake hautoshi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha na kuuza ziada. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Kumhimiza mtu ajitegemee huku amezuiwa kulima na kuchuuza nje ya kambi ni kumfanyia dhihaka. Tunaiomba Serikali iwape walau bustani na soko.

Kwa upande wetu, ndizi na viazi vya Rungwe havifai kupelekwa. Njia ya Tunduma, Sumbawanga na Mpanda ni ndefu mno, vitafika vimeoza. (Wala tusiwatumie masweta yetu makuukuu.) Mahindi makavu na maharage yanafaa, na fedha zinafaa zaidi. Vyama vya ushirika, makanisa na misikiti ya wilaya hii vianze kuchangisha msimu huu wa mavuno, na michango ipitie Chama cha Msalaba Mwekundu.