Ndoo na Ufagio ni Mazoezi, Kijana Usikwepe



Wapenzi wanafunzi na wazazi, wapo wanaodhani mazoezi ni mpira na kukimbia tu. Sivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unazihesabu pia kazi za nyumbani. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kadiri au zaidi. Mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa nguvu ya kadiri. Kudeki, kufua kwa mikono, kulima bustani na kupanda kilima na ndoo ya maji hutoa jasho hata katika baridi ya Juni hapa Ilomba, na humsaidia mtu kujikinga na kisukari na shinikizo la damu.

Lakini nani anazifanya? Katika nyumba nyingi binti anadeki, anafua na kupika, huku kaka yake yuko mbele ya runinga akisubiri chakula. Binti anachoka hata kusoma hawezi. Kaka mwili wake unalala. Wote wawili wanadhulumiwa.

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa aliwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Basi kijana gani ataona haya kushika ufagio?

Wazazi, gaweni kazi kwa zamu bila kubagua. Kijana, anza leo na kanzu yako: ifue mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.